Zamu ya Kuwa Makoye

Jumatatu ile zamu ya kuwa Makoye ilikuwa ya Mageni.

Mama yake alimfunga shuka jeupe la amerikani, fundo juu ya bega, akamgeuza mbele na nyuma kama mtu anayekagua mtungi sokoni. Kichwa kilikuwa kimenyolewa jana yake, yeye na kaka zake wawili, wembe mmoja na upara mmoja.

"Wewe nani?" mama akamuuliza.

"Makoye."

"Wa nani?"

"Wa Nkwabi."

"Na wakiita Mageni?"

"Siitiki."

"Haya, kimbia. Na usichekecheke ovyo. Makoye si mtu wa kucheka."

Wewe unayemcheka mama wa watu, sikiliza kwanza. Mwanangwa, yaani mkubwa wa kijiji chao, alikuwa amepita na amri ya mtemi kwamba kila kaya itoe mtoto mmoja aende shule. Nkwabi akatoa. Akaandikisha jina la mwanawe wa kwanza, Makoye, akalipa ada ya mtoto mmoja, akanunua shuka moja. Lakini nyumbani alikuwa na watoto watatu wa kimo cha shule, Makoye, Bujiku na Mageni, na kila amri ya mtemi aliyoijua tangu alipoota ndevu ilikuwa ni hiyo hiyo: kaya moja, mtu mmoja. Barabara ikilimwa, leo anakwenda yeye, kesho mdogo wake, keshokutwa mpwa wake. Msimamizi anahesabu kaya imefika, hatazami pua ya mtu. Pori la mbung'o lilipofyekwa ilikuwa hivyo hivyo. Sasa kwa nini shule iwe na mambo yake?

Basi watoto wakapokezana. Mwenye shuka ndiye Makoye. Waliobaki walichunga, mmoja ng'ombe na mmoja ndama, maana ilikuwa masika, mtama umefika magotini, na ng'ombe asiyechungwa wakati huo ni kesi kwa mwanangwa. Jioni, wakisubiri ugali, aliyetoka shule aliwamegea wenzake aliyoyapata. Mwalimu wa kwanza alijua yote akanyamaza, kwa kuwa alikuwa mvivu wa ugomvi. Kisha akaacha kazi, akaenda Geita kwenye machimbo ya dhahabu kuwa karani, akisema amechoka kupangusa kamasi za watoto wa wenzake.

Mwalimu mpya alikuwa amefika Jumamosi. Jina lake Athanas, Msumbwa wa Ushirombo, kijana mwembamba mwenye suruali ya kaki iliyopigwa pasi hadi mstari wake ungeweza kukata nyanya. Alikuja na mkewe Klara, kuku wawili, na hamu kubwa ya kuifanya shule ile iwe shule.

* * *

Shule yenyewe ilikuwa chumba kimoja. Kuta za udongo ziliishia kifuani pa mtu mzima, juu yake nguzo na paa la nyasi, ndani mabenchi ya matofali mabichi. Mwalimu Athanas alisimama mbele ya vichwa thelathini na kitu, vyote vimenyolewa, mashuka yote meupe, akaita majina.

"Makoye Nkwabi."

"Nipo, mwalimu!" akaitika Mageni.

Hesabu ilikuwa ya mbuzi. Mtu ana mbuzi kumi na wawili, fisi kala watatu, wamebaki wangapi? Mtoto mmoja wa nyuma, Donatus, akasema hapo hakuna hesabu, fisi akishajua njia atarudi awamalize wote. Darasa likamuunga mkono. Mageni akanyoosha kidole.

"Wamebaki tisa, mwalimu. Na aliyekuwa anachunga achapwe."

Mwalimu akacheka mpaka akashika ubao. Akamwambia huyo Makoye aanzishe wimbo, na Mageni alikuwa na sauti bwana, sauti ya kuwafanya wanawake waliokuwa kisimani watue mitungi. Darasa zima likaitikia. Baadaye mwalimu akawafundisha safari ya maji: mvua inayonyesha kwetu inaingia kijito, kijito kinaingia mto, mto unakwenda ziwani.

"Na maji yakifika ziwani, yanasimama?" akauliza.

"Yanasimama!" wakajibu.

"Hayasimami. Yanatoka tena, yanakwenda mbali sana. Wapi? Nitawaambia kesho."

Mageni akahisi kama mtu aliyenyang'anywa chakula mdomoni. Kesho haikuwa zamu yake.

Kabla ya kuwaruhusu, mwalimu akamwita mbele, akamwekea mkono kichwani. "Tangu leo Makoye ndiye kiranja wenu. Atapiga kengele, atakagua kucha, ataanzisha wimbo. Kila siku."

Watoto wakatazamana. Darasa zima lilijua, na hakuna aliyefungua kinywa. Kwao mambo ya zamu ya jirani yalikuwa mambo ya jirani.

* * *

"Kiranja ni nini?" Nkwabi aliuliza jioni, huku akikanda tonge.

"Ni kama nyapara," alisema Mageni.

"Nyapara! Mama Makoye, umesikia? Siku moja tu mwalimu kafika, kaya yangu imeshatoa nyapara!"

"Nimesikia," alijibu mkewe. "Ulisema kila siku, Mageni?"

"Kila siku, mama."

Ugali ukapoa kidogo. Makoye, mkubwa wao, akamtazama Bujiku, na Bujiku akatazama mlenda. Bujiku alikuwa mdogo kwa Makoye lakini alimpita kwa shingo nzima. Alishika kila kitu kwa mkono wa kushoto na aliweza kulala akiwa amesimama.

"Mimi sijui kuimba," alisema.

"Utajifunza," alisema baba yake. "Kaya imepewa kazi. Kazi ya kaya haikataliwi."

Jumanne Bujiku alifika jua limeshapanda. Kengele, ambayo ilikuwa rimu ya gurudumu la lori, ilikuwa haijapigwa, na watoto walikuwa wakirushiana mawe uwanjani. Akala fimbo mbili za kiganja kwa kuchelewa. Kisha akapiga ile rimu kama kitu kilichomvunjia mguu. Mwalimu akamwambia aanzishe wimbo. Bujiku akafumbua kinywa, ikatoka sauti ya dume aliyekwama topeni.

"Makoye," alisema mwalimu taratibu, "leo unaumwa?"

"Anaumwa, mwalimu!" darasa likajibu kwa pamoja.

"Na kwa nini unaandika kwa kushoto?"

"Wa kulia ndio unaumwa, mwalimu!" wakajibu tena, kabla Bujiku hajaelewa swali.

Jioni Bujiku alionyesha kiganja chake kwa kila mtu, hata kwa mbwa. "Fimbo za Makoye nimekula mimi," alilalamika. Mageni hakutaka habari za fimbo. Alimfuata mpaka zizini.

"Maji yakitoka ziwani yanakwenda wapi?"

Bujiku akafikiri sana. "Yanakwenda mbali."

"Mbali wapi?"

"Alisema jina. Lilikuwa jina zuri."

Mageni akampiga ngumi ya mgongo, akaenda kukaa peke yake nyuma ya ghala.

* * *

Jumatano ilikuwa zamu ya Makoye mwenyewe. Mtoto wa watu alikwenda kwa raha, maana siku yake hakuwa na haja ya kumdanganya yeyote. Alipiga kengele mapema. Alikagua kucha. Jina lake likaitwa.

"Nipo, mwalimu," akasema, akatabasamu, na pengo la jino la mbele likaonekana mpaka ubaoni.

Mwalimu Athanas akaja karibu. "Jino lako liko wapi?"

"Mtamba alinipiga teke, mwalimu."

"Lini?"

"Mwaka juzi."

"Mwaka juzi! Juzi uliimba hapa meno yote nje. Jana ulikuwa mrefu kama nguzo. Leo umepungua tena na jino huna. Wewe si Makoye."

"Ndiye mimi, mwalimu."

"Unanidanganya mchana kweupe? Sema jina lako la kweli!"

"Makoye, mwalimu. Haki ya Mungu."

Masikini, hiyo ndiyo siku pekee ambayo mwalimu alikuwa akiambiwa ukweli. "Toka nje!" alifoka. "Nenda kamlete Makoye, na usirudi bila yeye!"

Makoye akatoka. Akasimama uwanjani, akatazama kulia, akatazama kushoto. Amtafute wapi? Akaizunguka shule mara moja, kwa heshima, akarudi mlangoni.

"Nimekuja naye, mwalimu."

Darasa likaanguka kwa kicheko. Wengine walianguka chini kutoka mabenchini. Fimbo ikainuka, na hapo Donatus, yule wa fisi, akashindwa kuvumilia. "Mwalimu, usimpige, ndiye yeye! Wa juzi na wa jana ndio hawakuwa yeye!"

Mwalimu akashusha fimbo. Akauliza pole pole kabisa, na upole ule ulitisha kuliko kelele: "Nani mwingine humu anakuja kwa zamu? Simameni."

Akasimama mmoja. Wakasimama watatu. Wakasimama wa benchi zima. Mwisho walisimama karibu nusu ya darasa, na Donatus mwenyewe akiwa miongoni mwao, kwa sababu jina la Donatus lilikuwa la pacha wake.

Usinihadithie aibu, mimi naijua aibu. Mwalimu Athanas alikuwa amekesha Jumatatu akikariri majina ya watoto wale ili awapende vizuri. Kumbe siku zote hizo kijiji kizima kilijua, na mtu pekee asiyejua ni yeye, mwalimu. Aliwaruhusu mapema. Nyumbani hakula.

* * *

Alhamisi akina baba waliitwa. Walikuja na migolole yao na fimbo zao, watu wa kukaa baraza kwa mwanangwa, wakakalishwa kwenye mabenchi ya watoto, magoti yamefika kidevuni. Nkwabi alikaa mbele. Mzee Ngasa, jirani yake, alikaa kando yake akihema kwa kubanwa.

"Shikamooni, wazee."

"Marahaba."

Mwalimu aliwasomea makosa yao akiwa amesimama, akipigapiga chaki kiganjani. Nkwabi akamwacha amalize, kisha akainua mkono kama walivyofanya watoto wake.

"Mwalimu, mtemi alitaka mtu mmoja kwa kaya. Kuna siku kaya yangu haikufika?"

"Shule si barabara, Baba Makoye. Barabara leo utalima wewe, kesho ataendelea mwingine pale ulipoachia. Kichwa cha mtoto hakiendelezwi na mwenzake."

"Mbona kwangu kinaendelezwa kila jioni?"

Wazee wakacheka. Ngasa alicheka akakohoa. Mwalimu, ambaye jana alichekwa na watoto na leo anachekwa na baba zao, akaona giza.

"Sikilizeni basi. Jina moja, mtoto mmoja. Kila mtu akachague wake. Asiyechaguliwa nisimwone akikanyaga uwanja huu!"

Kijana mdogo, na aliwafokea wazee kama wapagazi. Waliinuka bila kuaga. Jioni, wakila, Nkwabi akasema.

"Jina ni la Makoye. Makoye ndiye atakwenda. Bujiku na Mageni watachunga."

Bujiku akaweka tonge chini, jambo ambalo halikuwahi kuonekana katika kaya ile. Mageni machozi yalimtoka tu, yakamdondokea mapajani. Hakuyafuta.

"Unalia nini?" baba yake alimuuliza, lakini bila ukali. "Wewe ni mtoto wa kike. Kwani ulitegemea utakaa huko siku zote?"

"Ndiyo," alisema Mageni.

* * *

Ijumaa mwalimu alipata alichokitaka. Jina moja, mtoto mmoja. Kiranja Makoye alianzisha wimbo, upepo ukapita kwenye pengo, na darasa likaitikia kama watu walioamshwa kwa maji. Mwalimu akawauliza maji yakitoka ziwani yanakwenda wapi. Hakuna aliyekumbuka. Wengi wa waliolisikia somo lile Jumanne walikuwa porini na ng'ombe.

Mchana, mwalimu akiwa amejilaza mkekani nyuma ya nyumba, Mama Makoye alikuja na kibuyu cha maziwa. Hakumwendea mwalimu. Alimwendea Klara jikoni, akampa kibuyu, akakaa, wakaulizana habari za kuku, habari za mvua, habari za kwao Ushirombo. Kisha akasema kwa sauti ya kufika mkekani.

"Mama, nimekuja kuuliza. Yule mwanangu aliyeimba Jumatatu, alikosa nini?"

Mwalimu akaketi. "Hakukosa kitu. Ndiye mtoto bora niliyemwona hapa. Yule ndiye mlete, Mama Makoye! Yule yuko wapi?"

"Yuko na ndama. Anaitwa Mageni."

"Mageni? Ni wa kike?"

"Wa kike."

Mwalimu Athanas akakuna kichwa. Klara, aliyekuwa akipepeta mtama, akacheka bila kujificha. "Kiranja wako! Na sifa zote zile ulizonipigia!"

"Basi mchagueni yeye," alisema mwalimu.

"Na Makoye nimpeleke wapi? Na Bujiku?" Mama Makoye alimtazama usoni sasa. "Mwalimu, wote wametoka tumbo hili moja. Ukiniambia nichague mmoja, ni kama unaniambia niwakatae wawili. Mimi siwezi. Baba yao ameweza kwa sababu ya hasira, nawe umeweza kwa sababu ya hasira. Mimi sina hasira, nina watoto."

Mwalimu alianza kueleza kwamba chumba ni kimoja, mwalimu ni mmoja, akiwaita wote watakaa wapi, juu ya paa?

"Chumba kimoja," alidakia Klara, "lakini asubuhi kinajaa na mchana kina mbuzi. Na mwalimu ni huyo huyo mmoja, asubuhi anafundisha, mchana anakoroma."

"Klara!"

"Nasema uongo?"

Hakusema uongo. Mwalimu alikasirika dakika moja, akanywa maziwa ya watu, hasira ikashuka. Mpaka jua linageuka alikuwa amekubali: waliokwisha kuandikwa waje asubuhi, wapya waje baada ya chakula. Kila mtoto kwa jina lake. Ada na mashuka ya hao wawili Mama Makoye alisema vitatoka kwenye mbuzi wake mwenyewe, asisumbuliwe mtu.

"Lakini ng'ombe wenu sitawachunga mimi," alisema mwalimu. "Hilo mkamalizane na wazee."

* * *

Hapo ndipo ilipokuwa kazi. Mama Makoye alimpangia mumewe kwa vidole. Asubuhi Makoye yuko shule, Bujiku na ng'ombe, Mageni na ndama. Mchana Makoye anarudi anachukua ng'ombe, Bujiku na Mageni wanakwenda shule.

"Na ndama, mchana?" aliuliza Nkwabi.

Mkewe alimtazama tu.

"Ala! Mimi?"

Kuchunga ng'ombe, mwanamume mzima anaweza, akijitetea kwamba anatafuta malisho mapya. Lakini ndama! Ndama huchungwa na mtoto aliyeachishwa ziwa jana. Nkwabi alikuwa na mvi, alikuwa na wakwe, akisema neno barazani linarudiwa. Akasema hilo haliwezekani, watoto watatu shuleni ni mzigo wa kumvunja mtu mgongo.

"Ng'ombe haelemewi na nunduye," alisema mkewe, akaenda zake kuteka maji.

Jumamosi akaenda kwenye pombe, na huko akakuta kila mzee ameambiwa na mkewe maneno hayo hayo. Ngasa alipiga paja. "Mwaka huu tutaona mengi! Nkwabi, nikikukuta na ndama nitakuletea uji na kijiko." Wote wakacheka. Nkwabi alicheka pia, akanywa kidogo, akarudi nyumbani mapema kuliko desturi yake.

Jumapili alfajiri alikuwa akikamua, Mageni amemshikia ndama pembeni asimsumbue mama yake. Walifanya kazi mpaka kibuyu kikawa nusu.

"Mageni."

"Baba."

"Hiyo shule ina nini?"

Mageni akafikiri. Hakuwa mtoto wa kujibu ovyo. "Mwalimu alisema maji ya kwetu yanaingia ziwani, halafu yanatoka. Mimi nikabaki na mahali yanapoingia. Bujiku akapata yanapokwenda, akasahau. Kila kitu ni hivyo, baba. Mimi napata kichwa, Bujiku anapata tumbo, Makoye anapata mkia. Nimechoka kula masomo yaliyotafunwa na Bujiku."

Nkwabi akacheka, ng'ombe akashtuka, maziwa yakamwagika kidogo. Alicheka peke yake muda mrefu, paji la uso limeegemea ubavu wa ng'ombe. Kisha Mageni akaona mikono ya baba yake imesimama.

"Nilipokuwa kimo chako," alisema, "nilitaka sana kujua barabara tuliyokuwa tunailima inafika wapi. Nilimuuliza msimamizi. Akaniambia, lima."

"Ukajua?"

"Sijajua mpaka leo." Akaanza kukamua tena. "Mwachie huyo ndama anyonye. Imetosha."

* * *

Jumatatu mchana kijiji kilishuhudia. Nkwabi, na mgolole wake, alipita njia kuu akiwa nyuma ya ndama saba waliokuwa wakirukaruka kila upande, na yeye akikimbia kulia, akikimbia kushoto, akipiga miluzi aliyoisahau tangu utotoni. Wanawake waliokuwa wakipalilia waliinuka na majembe yao.

"Mwadila, mchunga ndama!" alimsalimu mmoja kwa kelele.

"Mwadila!" alijibu Nkwabi, akihema. "Rudi wewe! Lo, mnyama gani huyu!"

Ngasa alikuwa amekaa mlangoni kwake. Alifungua kinywa aseme lile la uji na kijiko. Lakini nyuma yake, uani, mkewe alikuwa amesimama na wajukuu wawili waliooga wakang'aa, mashuka yamefungwa, wakimtazama babu yao. Ngasa akafunga kinywa. Akaingia ndani kutafuta fimbo yake.

Malisho ya ndama yalikuwa upande wa mashariki. Sasa niambie kwa nini Nkwabi alipitia magharibi, shuleni. Alijiambia kuna majani. Alifika ukutani, ule ukuta wa kifuani, akasimama kama mtu anayepumzika tu, na ndani mwalimu alikuwa ameanza kuita majina ya wapya. Walikuwa wengi kuliko wa asubuhi. Mabenchi yamejaa, wengine wamekaa chini.

"Bujiku Nkwabi."

"Nipo," alisema Bujiku, na jirani yake akamfinya asisinzie.

"Mageni Nkwabi."

Kimya.

Mageni alikuwa amekaa wima, shuka limemkaa vizuri, macho yako kwa mwalimu, akingoja. Tangu aingie shule ile hakuwahi kuitika jina hilo. Aliagizwa asiitike.

"Mageni Nkwabi," alirudia mwalimu, akiwa amemwona kabisa, lakini akitaka aseme mwenyewe. "Hayupo?"

"Yupo!"

Darasa zima likageuka. Juu ya ukuta palikuwa na kichwa chenye mvi, jasho linamtiririka, mkono umenyooshwa ndani.

"Yupo, mwalimu! Huyo hapo, kando ya Bujiku! Mwanangu, itika! Ni wewe unaitwa!"

Mageni akasimama. "Nipo, mwalimu," alisema. Halafu akasema tena, kwa sauti ile ya Jumatatu iliyopita, sauti ya kisimani: "Mageni Nkwabi. Nipo!"

Watoto wakapiga makofi bila kuambiwa. Mwalimu Athanas aliinamia kitabu chake muda mrefu kuliko inavyotakiwa kuandika alama moja. Na wakati huo wote ndama saba, ambao hakuna aliyekuwa akiwatazama, walikuwa wameshaingia kwenye karanga za shule, wanakula kwa utulivu kabisa.

Klara alitoka jikoni mbio, mwiko mkononi, hajui kinachoendelea.

"Karanga! Karanga zetu! Nani anachunga ndama hawa? Ni mtoto wa nani huyu?"

Nkwabi akageuka kutoka ukutani. Hakujificha, na wala hakuona haya.

"Ni mimi, mama," alisema, akiokota fimbo yake. "Ni mimi, Baba Mageni."